Kiburu na Gunia la Mkaa

Leo tumeinjika kiburu: ndizi na maharage, basi.

Tuanzie sokoni. Pale Mbuyuni, ndizi za fungu huonekana rahisi, lakini hebu jumlisha mafungu ya wiki nzima. Elewana na jirani, mnunue mkungu mzima wa mshare, mgawane chane kwa chane. Maganda usitupe, mwenye mbuzi atayafuata mwenyewe.

Sasa maharage, maana hapa ndipo mkaa unapoteketea. Yaloweke tangu jioni. Asubuhi mwaga maji yale, tia mapya, yachemke kwa nguvu dakika 10 kamili, hasa yale mekundu, kwani yana sumu ya asili ambayo moto mdogo hauiondoi. Ndipo ufunike na kupunguza moto. Yakibonyea vidoleni, tia ndizi. Ukiziwahisha zitavurugika maharage yangali magumu.

Nyama? Kwa siku ya kawaida, mimi sioni ulazima. Maharage yana protini ya kutosha kukupeleka shambani. Wa mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama, ulizeni buchani mifupa ya supu kabla ya kuitazama steki.