Kipuri Kibadilishwe Lini?



Mashine ya kumenya kahawa haiharibiki ikiwa imelala. Huharibika katika kilele cha msimu, inapofanya kazi kubwa. Kahawa mbivu isipomenywa siku ile ile huanza kuchacha, daraja lake hushuka, na mkulima hulipwa pungufu.

Njia za kubadilisha vipuri ni tatu. Ya kwanza ni kungoja kipuri kife. Ya pili ni kukibadilisha kinapotimiza umri uliowekwa, au kikifa kabla ya hapo. Ya tatu ni kubadilisha vyote vya aina moja kwa tarehe maalumu, hata kama kimojawapo kiliwekwa juzi. Wanahesabu wa Marekani, Richard Barlow na Frank Proschan, walizilinganisha katika kitabu chao cha mwaka 1965. Kwa vipuri vinavyochakaa, muda uliowekwa ukiwa sawa, njia ya tatu hupunguza uharibifu kuliko ya pili, lakini hutupa vipuri vingi zaidi.

Chukueni mfano wa mkanda wa mashine. Tuseme kuubadilisha kwa mpango hugharimu shilingi 20,000, na ukikatika kazini hasara yote, pamoja na kahawa iliyochacha, ni shilingi 100,000. Ukiachwa mpaka ukatike, nao ukadumu wastani wa wiki 12, gharama ni kama shilingi 8,300 kwa wiki. Ukibadilishwa ufikapo wiki 8, na katika mikanda 10 mmoja tu ukakatika mapema, katika wiki ya 6, gharama hushuka hadi kama shilingi 3,600 kwa wiki.

Hata hivyo, si kila kipuri huzeeka. Fyuzi kwa kawaida huungua kwa hitilafu ya umeme, si kwa uzee. Kuitoa ikiwa nzima ni kutupa fedha za wanachama. Yatosha kuweka nyingine stoo.

Kwa hiyo kila Katibu afungue daftari la vipuri, aandike tarehe ya kukiweka kipuri, tarehe ya kukitoa na sababu yake. Pasipo daftari hilo, Halmashauri haiwezi kujua ni kipi kinachozeeka na ni kipi kinachokufa kwa bahati mbaya. Nayo itaendelea kununua kwa haraka, kwa bei ya shida, huku kahawa ya wanachama ikingoja mlangoni.