Kihamba Hakina Likizo

Leo tupo kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ndani ya kihamba, shamba la nyumbani la Wachagga: migomba juu, kahawa katikati, magimbi chini, ng'ombe zizini. Mwaka 2011, FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, iliutambua mfumo huu, pale Shimbwe Juu, kuwa urithi wa kilimo duniani.

Machi, masika yakinukia, familia hushuka tambarare kupanda mahindi na maharage. Baada ya mavuno mabua hayachomwi. Hufungwa mizigo, yakapandishwa nyumbani kuwa lishe ya ng'ombe.

Kuanzia Julai hivi ni zamu ya kahawa. Vidole huchuma tunda jekundu tu. La kijani huachwa lisubiri. Lililochumwa humenywa siku hiyohiyo, maana tunda likilala huchacha na kuharibu ladha. Kisha buni huoshwa na kuanikwa kichanjani.

Na ndizi? Hizo ni za mwaka mzima. Mkungu ukikatwa, mgomba hukatwakatwa wakalishwa ng'ombe, na samadi ikarudi shambani.

Msikilizaji, bei ya kahawa ikianguka, ndizi na maziwa huibeba nyumba. Usitegemee zao moja. Tukutane kipindi kijacho, na jembe lisishike kutu.