Kibali Kiulizwe Kilikotoka

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Misungwi)



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo linalohusu utumishi wangu. Nimechagua hili: namna ya kuhakikisha kwamba mtu aliyetoka nchi nyingine ana ruhusa ya kukaa na kufanya kazi nchini.

Pengine wanafunzi watauliza, jambo hili latuhusu nini sisi wa Misungwi? Latuhusu sana. Tarehe 14 Juni, 2021 jiwe la msingi la reli ya Mwanza hadi Isaka liliwekwa hapa wilayani, pale Fela. Daraja la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa kilometa 3, lilifunguliwa tarehe 19 Juni, 2025. Kazi zote mbili zilipewa makampuni ya Kichina. Wageni wamekuja na watazidi kuja. Ninyi wanafunzi mtakuwa wahasibu, maofisa wa utumishi, wakuu wa shule na wenye viwanda. Siku moja karatasi ya mgeni itawekwa mezani kwako, nawe utatakiwa kuamua.

Wazee walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sheria ya leo inaongeza neno moja tu: kabla ya kumpa jembe, uliza kibali.

Yafaa kwanza tutofautishe karatasi tatu ambazo watu wengi huzichanganya. Viza ni ruhusa ya kuingia. Viza ya kawaida ya matembezi haimpi mtu haki ya kuajiriwa. Kibali cha ukaazi ni ruhusa ya kukaa, nacho hutolewa na Idara ya Uhamiaji: daraja A kwa wawekezaji, B kwa walioajiriwa, C kwa wanafunzi, watafiti na wengineo. Kibali cha kazi ni karatasi ya tatu, nacho hutolewa na Kamishna wa Kazi kwa sheria ya mwaka 2015 inayosimamia ajira za wageni. Mwenye moja asidhaniwe kuwa anazo zote. Tena kibali cha kazi hutolewa kwa kazi maalumu na kwa mwajiri maalumu. Fundi aliyeruhusiwa kujenga daraja hawezi kuhamia dukani kwako kesho kwa kibali kile kile.

Sasa, utahakikishaje? Linganisha jina na namba ya hati ya kusafiria, kisha cheo, mwajiri, na tarehe ya mwisho. Lakini usiishie hapo, maana karatasi yaweza kughushiwa. Kibali kiulizwe kilikotoka. Viza ya mtandao ilianza kwetu mwaka 2018, na vibali vya kazi na ukaazi navyo huombwa kwa njia ya intaneti. Kwa hiyo kumbukumbu ya kweli imo katika mfumo wa ofisi iliyotoa, si katika bahasha ya mgeni. Iulize ofisi hiyo. Kama utaingia mtandaoni, angalia anwani: za serikali yetu huishia na go.tz. Zipo nyingine zilizopambwa vizuri ambazo ni mtego wa fedha.

Ndugu zangu, kuna hatari mbili. Ya kwanza ni kumpitisha mtu kwa sura yake: amevaa kofia ya kampuni kubwa, anaongea Kiingereza, basi hakuna anayemwuliza. Ya pili ni kumzuia mtu kwa sura yake. Mwaka 2013 ilifanyika Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Ililenga wahamiaji haramu, lakini miongoni mwa waliong'olewa walikuwamo watu waliokwisha kukaa nchini miaka mingi, wengine wakidai kuwa ni raia. Mwaka uliofuata, serikali yetu iliwapa uraia wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 na watoto wao, zaidi ya watu 150,000. Watu hao ni Watanzania. Hawahitaji kibali cha kazi hata kidogo. Na mkimbizi ambaye si raia naye anayo njia ya kisheria: daraja E la kibali cha kazi limewekwa kwa ajili yake. Lafudhi si ushahidi. Pua si ushahidi.

Wenzetu walio ng'ambo wanalijua jambo hili kwa upande wa pili, maana huko wao ndio wageni. Uingereza, mgeni huchukua mtandaoni namba yenye tarakimu na herufi 9, idumuyo siku 90, akampa mwajiri. Mwajiri huiingiza pamoja na tarehe ya kuzaliwa, akaona picha na kazi inayoruhusiwa. Anayeajiri bila ruhusa aweza kutozwa hadi pauni 45,000 kwa kila mtu, hata kwa kosa la kwanza. Utaratibu ni mzuri, lakini nchi hiyo hiyo ilifedheheka mwaka 2018, ilipojulikana kwamba watu waliofika kihalali kutoka visiwa vya Karibiani tangu mwaka 1948 walikuwa wamepoteza kazi na hata nyumba kwa kukosa karatasi. Kukosa karatasi hakukuwa na maana kwamba walikosa haki.

Basi nawasihi wanafunzi: mtakapokaa kwenye viti hivyo, ulizeni wote swali moja, mhandisi wa reli na mchunga ng'ombe. Kabla ya kusema hapana, subirini jibu la ofisi. Nyuma ya kila namba kuna mtu anayengoja mshahara, na mara nyingi kuna watoto.