BETRI YA MOYO: MAMBO YA KUJUA KABLA NA BAADA YA KUWEKEWA
(Mada iliyotolewa kwa kamati za parokia, Buzwagi)



Katika vijiji vyetu wapo watu wanaoanguka ghafla na kuzirai. Majirani husema ni kifafa, au amerogwa. Lakini huenda ni moyo unaopiga polepole mno. Moyo wa mtu mzima aliyepumzika kwa kawaida hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika. Umeme wake wa asili ukikatika njiani, mapigo hupungua, damu haifiki vizuri kwenye ubongo, na mtu huanguka. Mtu wa namna hiyo apelekwe hospitali akapimwe umeme wa moyo.

Baadhi yao huhitaji betri ya moyo. Ni kikasha kidogo kinachowekwa kifuani chini ya ngozi, na waya wake hupitishwa ndani ya mshipa hadi kwenye moyo. Mara nyingi mgonjwa huchomwa ganzi tu, kifua hakipasuliwi. Nchini kwetu huduma hii hutolewa katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015.

Akirudi nyumbani, mgonjwa azingatie haya:

1. Kwa wiki nne hadi sita asiinue mkono wa upande wa betri juu ya bega. Asitwange, asilime, asibebe ndoo kichwani. Lakini mkono asiufunge kabisa, maana bega litakakamaa.

2. Kidonda kikivimba, kikitoa usaha, au akipata homa au kuzirai tena, awahi hospitali.

3. Simu asiiweke mfuko wa shati upande wa betri. Aisikilizie sikio la upande wa pili.

4. Huku kwetu wengi wanaishi kwa kazi za migodi na karakana. Asirudi kuchomelea vyuma, wala kufanya kazi karibu na jenereta kubwa au sumaku zenye nguvu, kabla ya kumwuliza daktari.

5. Atembee na kadi ya betri yake, aionyeshe kwa kila mganga na kwa walinzi wenye mashine za ukaguzi.

Ndugu wajumbe, sisi huchangia upasuaji, mgonjwa akirudi tunafunga daftari. Hapo ndipo tunapokosea. Betri hupimwa kila baada ya miezi kadhaa, bila kupasua, na baada ya miaka kati ya 5 na 15 hivi hubadilishwa. Mtu wa kwanza kupandikizwa kifaa hiki, Arne Larsson wa Sweden, alikiwekewa mwaka 1958. Kile cha kwanza kilidumu saa chache tu. Alibadilishiwa zaidi ya mara 20, akaishi hadi mwaka 2001, akiwa na miaka 86. Kilichomweka hai ni kutoachwa njiani.

Kutoka Kahama hadi Dar es Salaam ni safari ndefu ya basi, na nauli humshinda mkulima. Kwa hiyo tunaziomba kamati ziandike tarehe za kila mgonjwa za kurudi kliniki, na zitenge nauli yake na ya msindikizaji mapema. Nanyi wafadhili, mnapochangia upasuaji, tunawaomba mkumbuke pia safari zinazofuata.