Ratiba ya Mpira ni Amana



Ramadhan ikiingia, mashindano ya mitaani huanza baada ya Alasiri, na ugomvi mwingi huanzia kwenye ratiba kabla ya kufika uwanjani. Hebu tuhesabu. Timu 8, kila moja ikikutana na zote, ni mechi 28. Kwa mechi moja kila siku, kumi la mwisho litakukuta na filimbi mdomoni, wenzako wako itikafu. Zigawe makundi mawili: mechi 12, nusu fainali 2, fainali 1. Jumla 15, na siku zabaki.

Makundi yapangwe kwa kura mbele ya manahodha wote. Ukiwapa jamaa zako jioni yenye upepo na wageni jua kali kila mara, hiyo ni dhulma, ingawa hakuna aliyepigwa.

Mechi za mwisho za kundi zichezwe wakati mmoja, hata kwa kuazima uwanja wa jirani. Kombe la Dunia 1982, Algeria iliifunga Ujerumani Magharibi 2-1, ikamaliza mechi zake. Kesho yake Ujerumani na Austria walijua 1-0 yawatosha wote wawili. Bao likaingia mapema, kisha wakapigiana pasi tu. Algeria ikatolewa! Tangu 1986 mechi hizo huchezwa pamoja.

Ndugu yangu, funga si njaa peke yake. Ukishika kalamu ya ratiba, umeshika haki za watu.

Wabillahi tawfiq.