Kantri ya Jadi: Nani Mwenyeji, Nani Mgeni?

Juma hili nataka tuzungumze juu ya muziki ambao wengi wenu mnaupenda ingawa chimbuko lake liko mbali na sisi, nao ni muziki wa kantri wa Marekani. Nauliza: tunaposema kantri ya jadi, tunakusudia nini hasa? Na ni nani mwenye haki ya kuitwa mwimbaji wake?

Swali hili si porojo za baa. Mwezi wa Februari 2025, Beyoncé, mzaliwa wa Houston katika jimbo la Texas, alipewa tuzo ya Grammy ya albamu bora ya kantri kwa albamu yake Cowboy Carter. Hakuna mtu mweusi aliyewahi kuipata tuzo hiyo kabla yake. Mwezi wa Juni mwaka huo huo, chama kinachotoa tuzo hizo kikatangaza kwamba tuzo ya albamu ya kantri imegawanywa mara mbili: moja ya kantri ya kisasa, nyingine ya kantri ya jadi. Wakubwa wa chama walieleza kuwa ombi lilitoka kwa watu wa kantri wenyewe. Huenda ni kweli. Lakini watu walihesabu miezi kwa vidole, Februari hadi Juni, na minong'ono ikaanza.

Basi na tuanzie kwetu. Hapa Kenya ukimwuliza mtu wa makamo kantri halisi ni ipi, atakutajia Jim Reeves kabla hujamaliza swali. Nyimbo zake zimepigwa redioni Jumapili kwa Jumapili, zimepigwa kwenye matanga, na kila Desemba nyimbo zake za Krismasi husikika madukani na majumbani. Sauti ile nzito na laini, kama ya mzee anayekuambia jambo asilotaka jirani alisikie, kwetu ndiyo jadi yenyewe. Ajabu ni kwamba Reeves alipokuwa hai, wapo Wamarekani waliomlaumu yeye na wenzake kwamba wanaiua kantri ya jadi.

Mambo yalikuwa hivi. Kufikia mwaka 1956 Elvis Presley na muziki wa rock and roll walikuwa wamewachukua vijana wote, na santuri za kantri zikawa hazitoki. Watengenezaji wa santuri mjini Nashville, Chet Atkins wa kampuni ya RCA akiwa mmoja wa vinara wao, wakaamua kuinawisha kantri uso ili ikaribishwe sebuleni kwa watu wa mjini. Fidla ya kijijini ikawekwa kando. Gitaa la chuma, lile linalolia kama mtu aliyefiwa, likanyamazishwa. Pahali pake wakaletwa waitikiaji wenye sauti za hariri, na baadaye vayolini nyingi za kupigwa kwa pamoja kama katika sinema. Reeves mwenyewe alikuwa amevuma mwaka 1953 kwa wimbo wa mchangamko, Mexican Joe. Sasa akashusha sauti, akaisogelea maikrofoni hadi mdomo ukakaribia kuigusa, akaimba Four Walls mwaka 1957 na He'll Have to Go, iliyotoka mwishoni mwa 1959. Biashara ikafufuka. Nyimbo zikavuka bahari, zikatufikia sisi. Kwa hiyo ile tuliyoipokea na kuiita kantri ya asili ndiyo iliyohesabiwa na wengi huko kwao kuwa imekengeuka. Reeves alikufa kwa ajali ya ndege tarehe 31 Julai 1964, akiwa na umri wa miaka 40, na kifo kikamwongezea heshima kama kifanyavyo siku zote.

Sisi tunalo neno zuri, zilipendwa. Reeves ni zilipendwa, hilo halina ubishi. Lakini wimbo kuwa wa zamani ni jambo moja, na kuwa wa jadi ni jambo jingine, na nadhani mabishano mengi ya watu wetu yanatokana na kuyachanganya mambo hayo mawili.

Wapo wanaosema tupime kwa ala. Hata chama cha Grammy, katika kueleza tuzo yake mpya, kilitaja ala: gitaa, gitaa la chuma, fidla, banjo, mandolini, piano na dramu. Haya, tuzichukue moja moja tuulize zilikotoka. Fidla ilikuja na wahamiaji kutoka Uskoti, Ireland na Uingereza. Mandolini ni ya Kiitaliano. Banjo ilitengenezwa kwanza na watumwa waliotoka Afrika, kibuyu kikiwambwa ngozi na kutiwa mpini na nyuzi. Leo watu huiona kuwa ala ya Mzungu wa milimani kuliko zote! Gitaa la chuma lilitoka visiwa vya Hawaii, ambako walilaza gitaa mapajani na kutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi. Na lile lenye pedali za miguu, ambalo mlio wake kwa wengi ndio kantri kamili, lilishika soko kwa wimbo wa Webb Pierce uitwao Slowly, mwaka 1954. Hank Williams, ambaye kila mtu anakubali kuwa ni nguzo ya kantri ya jadi, alikuwa amekwisha kufa tarehe 1 Januari 1953. Katika santuri zake mpigaji wake, Don Helms, alitumia gitaa lisilo na pedali hata moja. Na dramu je? Grand Ole Opry, kipindi cha redio cha Nashville kilichoanza mwaka 1925 na ambacho ndicho baraza kuu la muziki huu, kwa miaka mingi hakikutaka kuziona dramu jukwaani. Leo zimo katika orodha ya jadi.

Kwa hiyo kila ala iliyomo ilikuwa mgeni siku moja, ikazoeleka, kisha ikapewa kiti cha wazee. Ala hazikuulizwa rangi. Watu waliulizwa.

Katika miaka ya 1920 kampuni za santuri za Marekani zilipogundua kwamba watu wa kusini mwa nchi wananunua muziki wao wenyewe, ziliugawa muziki huo katika orodha mbili. Orodha moja ilikuwa ya santuri za watu weusi, na nyingine ya Wazungu washamba wa milimani. Sauti ikiwa imefanana au haikufanana, hilo halikutazamwa. Majirani waliokuwa wakipiga nyimbo zile zile, wakiazimana magitaa, wakajikuta wamewekwa katika rafu mbalimbali. Ralph Peer alikuwa miongoni mwa walioujenga mpango huo. Ndiye aliyekwenda Bristol, katika mpaka wa Tennessee na Virginia, mwaka 1927, na katika siku chache za Julai na Agosti akawarekodi kwa mara ya kwanza watu wa familia ya Carter na Jimmie Rodgers. Wengi huhesabu kantri kuanzia hapo.

Lakini itazameni hiyo jadi kwa karibu. A. P. Carter alipokwenda vijijini kukusanya nyimbo, alifuatana na mpiga gitaa mweusi, Lesley Riddle, aliyezishika tuni kichwani mwake. Rodgers, mfanyakazi wa reli kutoka Meridian, Mississippi, aliimba blues za watu weusi akazichanganya na ule mlio wa sauti inayoruka ghafla kutoka nzito hadi nyembamba. Mwaka 1930 alirekodi Blue Yodel namba 9, na aliyempigia tarumbeta si mwingine ila Louis Armstrong. Hank Williams akiwa kijana huko Alabama alifundishwa na mwanamuziki mweusi wa barabarani, Rufus Payne. Katika rafu ya kantri likabaki jina la Hank.

Kisa kinachoniuma zaidi ni cha DeFord Bailey. Huyu alikuwa mtu mweusi, mfupi, mpigaji wa kinanda cha mdomo asiye na mfano, ambaye aliweza kuliiga treni hadi ukadhani linapita uani. Usiku ule wa Desemba 1927 mtangazaji George Hay alipolitamka jina la Grand Ole Opry kwa mara ya kwanza, Bailey ndiye aliyepiga. Alikuwa miongoni mwa waliopendwa sana katika kipindi hicho. Katika safari za maonyesho, hoteli zilizowapokea wenzake zilimkataa yeye. Mwaka 1941 akaachishwa. Sababu zilizotajwa zilihusu ugomvi wa hakimiliki za nyimbo. Akafungua kibanda cha kung'arisha viatu papo hapo Nashville. Alikufa mwaka 1982, na jina lake likaingizwa katika Jumba la Heshima la Kantri mwaka 2005.

Sasa mtaniuliza, wewe unayesema hivi, huamini kuwa kuna kantri ya jadi? Naamini, tena sana. Kwangu mimi ni wimbo unaosimulia kisa cha mtu wa kawaida kwa maneno yasiyofichwa: kazi, deni, pombe, ndoa, mauti. Sauti iko mbele, na ala chache zinaijibu bila ya kuifunika. Kwa kipimo hicho nawaweka Rodgers, akina Carter na Hank. Namweka Kitty Wells, ambaye mwaka 1952 aliwajibu wanaume waliowalaumu wanawake kwa kila ndoa iliyovunjika. Namweka George Jones, na Merle Haggard aliyefungwa kweli katika gereza la San Quentin kabla hajaimba habari za jela. Namweka Loretta Lynn, binti wa mchimba makaa wa Kentucky, ambaye mwaka 1975 aliimba juu ya vidonge vya uzazi wa mpango, na vituo vingi vya redio vikaukataa wimbo huo. Wanaodhani jadi ni upole na wausikilize. Don Williams namwingiza kwa sababu hakupoteza neno. Kenny Rogers, mniwie radhi mashabiki, namwacha barazani.

Na namweka Charley Pride. Alizaliwa Sledge, Mississippi, katika familia ya walima pamba, akakua akiisikiliza Opry redioni. Santuri zake za kwanza mwaka 1966 zilipelekwa vituoni bila ya picha yake. Mwaka 1971 alichaguliwa mtumbuizaji bora wa mwaka wa kantri. Sikilizeni fidla na gitaa la chuma katika nyimbo zake, kisha sikilizeni vayolini za Reeves. Kwa masikio, wa jadi ni Pride.

Beyoncé? Albamu ile kwa sehemu kubwa si ya jadi, na mwenyewe hakudai iwe. Rafu ya jadi naiunga mkono. Nitakachotazama ni kama akina Pride wa leo, wenye fidla na chuma lao, watawekwa humo au wataelekezwa kwingine.

Jambo la mwisho. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alifika Kapkatet katika nchi ya Wakipsigis. Santuri za Jimmie Rodgers zilikuwa zimemtangulia. Huko aliwarekodi wasichana wakiimba, ala ya nyuzi ya kwao ikiwafuata, wakimwita mtu mmoja aitwaye Chemirocha, nusu binadamu nusu paa, aje acheze nao. Kwa maelezo ya Tracey, jina hilo ni Jimmie Rodgers. Mwenyewe alikuwa amekufa miaka 17 nyuma, kwa kifua kikuu, huko New York.

Hadi juma lijalo, kwaherini.