Daftari la Afya ya Wazee Wetu

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Tawa



Nashukuru kwa heshima mliyonipa ya kusema machache juu ya jambo ambalo Kamati italiweka mbele yenu leo, yaani kutenga sehemu ndogo ya fedha za Chama ili kuanzisha uchunguzi wa afya ya wazee na gharama ya matunzo yao. Najua wapo kati yenu wasioliafiki. Mzee mmoja aliniambia juzi sokoni: "Mwanangu, mgonjwa hahesabiwi, mgonjwa hutibiwa." Neno hilo ni zito, wala sikuja hapa kulipuuza. Nimekuja kulijibu.

Nitaanza nyumbani kwangu. Mama yangu alipopatwa na ugonjwa wa shinikizo la damu, niliambiwa kwamba matibabu ya wazee hayana malipo, nami nikaamini kuwa mzigo umetuliwa. Hata hivyo kila mwezi fedha zilikwisha, nisijue zimekwenda wapi. Basi nikachukua daftari la shule la mtoto, nikaandika kila senti kwa muda wa mwaka mzima. Kumwona daktari hakukutugharimu kitu. Kilichotumaliza ni nauli ya mgonjwa, nauli ya mtu wa kumsindikiza, siku za kazi alizopoteza dada yangu shambani, na dawa tulizonunua dukani kila tulipoambiwa kwamba zimekwisha. Nauli peke yake ilizidi dawa. Laiti ningalijua mapema, ningalipatana na jirani zangu wenye wagonjwa kama wangu, tukakodi gari moja kwa siku moja. Wahenga walisema kweli: mali bila daftari huisha bila habari.

Sasa tutazame mambo ya nchi. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 57, yawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo kutoka kwa jamaa zao na kwa Serikali. Kaunti yetu ya Makueni ilianzisha mpango wake wa matibabu mwaka 2016, ambao kila nyumba ilitoa shilingi 500 kwa mwaka, na wazee wa miaka 65 na zaidi wakasamehewa. Mwaka 2018 mpango wa Inua Jamii ulipanuliwa ili mzee aliyetimiza miaka 70 apate shilingi 2,000 kwa mwezi. Tarehe 1 Oktoba 2024 bima ya zamani ya NHIF iliondoka, ikaingia SHA. Yote hayo yalipangwa kwa nia njema. Lakini tukiulizwa kama zile shilingi 2,000 zamtosha mzee wa Tawa mwenye ugonjwa wa sukari, au kama nusu yake huishia barabarani, ni nani kati yetu atakayejibu kwa hesabu, wala si kwa kukisia?

Uchunguzi wa namna hii si mgeni katika Ukambani. Mwaka 1973, wakati Tawa ilipokuwa ingali katika Wilaya ya Machakos, watafiti waliingia Matungulu na Mbiuni, wakawa wakizunguka nyumba kwa nyumba kila majuma mawili, wakiandika uzazi, vifo, surua na kifaduro. Kazi hiyo iliendelea hata mwaka 1981. Hapo watoto na mama zao waliandikwa. Wazee hawajapata zamu yao.

Kwingineko zamu hiyo imefika. Huko Marekani, Chuo Kikuu cha Michigan kilianza mwaka 1992 kuwauliza watu waliopita miaka 50, kila baada ya miaka miwili, habari za afya, kazi na matumizi yao. Uingereza ikafuata mwaka 2002, na Afrika Kusini mwaka 2014. Hapa Kenya, Chuo Kikuu cha Aga Khan, kwa kushirikiana na Michigan, kilianza uchunguzi uitwao LOSHAK. Nao ulianza kwa majaribio madogo, hata huko Kilifi, ili kuona kama maswali yataeleweka na kama wazee watakubali kuulizwa.

Yafaa tulizingatie hilo. Mwenye fedha nyingi hazitoi kwa wazo tupu, huuliza kwanza, "Mmejaribu wapi, na mmeona nini?" Kwa hiyo fedha za mwanzo ndizo adimu kuliko zote, maana hutolewa kabla ya matunda kuonekana. Sisi watu wa nchi ya ukame twajua uchungu wa kuzika mbegu ardhini wakati watoto wana njaa. Hata hivyo hakuna mwenye akili aliyekula mbegu yake yote.

Ombi la Kamati ni dogo. Tununue madaftari, tuwalipe vijana wetu wawili waliosoma nauli na chakula, wawatembelee wazee waliokubali kwa hiari yao, mara moja kwa mwezi, kwa mwaka mmoja, na tumwombe mtu mwenye elimu ya hesabu za afya atusaidie kutunga maswali. Majina yawe siri. Hesabu itakapokamilika, isomwe hapa Tawa kwanza, mbele ya wazee wenyewe, kabla ya kupelekwa kwa Kaunti au kwa chuo chochote. Fedha za kuwasaidia wagonjwa zisiguswe hata kidogo.

Nami namjibu mzee wangu wa sokoni kwa adabu: ni kweli, Baba, mgonjwa hutibiwa. Lakini mwanao asiyejua kinachommaliza atauza mbuzi leo, na mwingine kesho, hata zizi liwe tupu, na wewe ungali mgonjwa. Mwethya haukusanyiki pasipo kujua shamba lina ukubwa gani na majembe ni mangapi. Basi nasi tulipime shamba letu, kisha tushike majembe.